Maumivu ya misuli baada ya mbio: asidi ilisingiziwa (Sehemu ya 3)

Jana mmoja wenu kaniuliza: "Nesi, mwanangu kafanya mazoezi ya mbio fupi Ijumaa, leo Jumapili kushuka ngazi hawezi. Ni asidi?" Ngoja tupitie historia kidogo, jibu limo humo.

Mwaka 1780 Carl Scheele wa Sweden aliipata asidi laktiki kwenye maziwa yaliyochacha. Mwaka 1807 Berzelius, naye wa Sweden, akaikuta kwenye misuli ya wanyama. Baadaye Otto Meyerhof wa Ujerumani na Archibald Hill wa Uingereza wakapewa Nobel ya 1922 kwa kazi yao juu ya msuli, asidi hiyo ikiwemo. Basi watu wakajumlisha haraka: ukikimbia kasi asidi inaongezeka, kwa hiyo ndiyo inayouma kesho yake. Mpaka leo utasikia, "Mkande, asidi itoke."

Kumbe mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alishaona tofauti. Alipima watu waliofanyisha kidole kazi ngumu. Uchovu wa papo hapo ulikuwa kitu kimoja, maumivu ya kesho yake kitu kingine. Akasema huenda msuli umechanika kidogo ndani. Tafiti za baadaye zilimuunga mkono: asidi hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi, wakati maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu. Asidi imeshaondoka zamani!

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu ukiamini ni uchafu wa kutoa, utamkanda kwa nguvu au utamrudisha uwanjani "azoee". Ukijua ni vidonda vidogo, utavipa muda vipone. Mpe siku mbili tatu bila mbio za kasi, atembee taratibu, anywe maji, ale maharage, mayai au dagaa, alale mapema. Dawa za maumivu usimnunulie kwa kubahatisha.

Ila akiwa na mkojo mweusi kama kola, mguu umevimba, au aliumia ghafla akikimbia na hawezi kukanyaga, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali.

Mwenye swali aulize hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.