Takriban Siku: Historia ya Saa Iliyomo Ndani ya Mmea

Kiswahili kimeupa mmea mmoja jina lenye hadithi nzima ndani yake: kifaurongo. Ukiuguza kwa kidole, hujikunja na kujifisha, ukiuacha, hufufuka. Lakini ipo tabia yake nyingine ambayo jina halikuitaja. Jioni hufumba majani, na asubuhi huyafumbua. Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana kwamba giza ndilo linaloyafumba. Nilikosea, na kosa hilo lilikuwa limekwisha kusahihishwa zaidi ya karne mbili kabla sijashika chaki.

Mwaka 1729, mwanafalaki wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa jamii hii mahali pa giza, akauchungulia mchana na usiku. Majani yaliendelea kufumba na kufumbua kwa wakati wake, ingawa jua halikuyafikia. Habari hiyo fupi ilitolewa na Chuo cha Sayansi cha Paris. De Mairan hakusema kwamba mmea una saa ndani yake. Alidhani kwamba unalihisi jua bila kuliona, akaufananisha na wagonjwa wanaotambua mchana na usiku hali wamelala kitandani.

Hoja ya ndani au nje ilidumu muda mrefu. Mwaka 1832, Augustin de Candolle wa Uswisi alieleza jambo la ajabu: chini ya nuru isiyokatika, majani yaliwahi kila siku kwa saa moja na nusu hadi mbili. Mzunguko wao, basi, ulikuwa wa saa 22 hadi 23, wala si 24. Kama jua ndilo lililoyaongoza kwa siri, mbona yalilitangulia?

Karne iliyofuata fumbo lilirudi. Huko Hamburg, mtafiti Rose Stoppel alichunguza majani ya maharage katika chumba cha giza. Yeye alipata mzunguko wa saa 24 barabara, akaamini kwamba ipo nguvu fulani ya nje inayopenya kuta. Huko Frankfurt, vijana wawili, Erwin Bünning na Kurt Stern, walilitafuta jibu mahali ambapo wengi hatungetazama: katika kazi ya kumwagilia maji. Kila siku mtu aliingia chumbani kwa saa ileile kuinywesha mimea, mkononi ana taa hafifu yenye nuru nyekundu. Wakati huo iliaminika kwamba nuru nyekundu haiugusi mmea. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikiirekebisha saa yake kila siku! Walipoihamishia mimea katika stoo ya viazi iliyo chini ya nyumba, bila taa ile, mzunguko ukawa saa 25.4.

Tuzingatie hapa kazi ya msaidizi wa maabara. Yeye hunywesha mimea, hulinda joto lisibadilike, huandika saa ya kila tukio, na jina lake mara nyingi halionekani kwenye jalada. Hata hivyo, taa aliyoishika inaweza kuupotosha ukweli kwa miaka, na daftari lake lililoandikwa kwa uaminifu linaweza kuurudisha.

Baadaye swali liliteremka hadi kwa viumbe wadogo kabisa. Wataalamu wengi hawakuamini kwamba bakteria wanaweza kuwa na saa ya siku nzima, kwa kuwa kiumbe huyo aweza kujigawa mara kadhaa kabla siku haijaisha. Mwaka 1993, Takao Kondo, Carl Johnson, Susan Golden na wenzao walitia jeni zinazotoa nuru katika sianobakteria, viumbe wanaojitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mimea. Mng'ao wao ulipanda na kushuka kwa mzunguko wa karibu siku, hata pasipo mabadiliko ya nuru wala giza. Mwaka 2005, maabara ya Kondo huko Nagoya, Japani, ilichanganya protini tatu tu na kemikali ya kuzipa nishati ndani ya mrija, na saa ikaendelea kwenda bila chembe hai yoyote.

Sasa tuje kwenye neno. Mwaka 1959, Franz Halberg aliunganisha maneno mawili ya Kilatini: circa, yaani takriban, na dies, yaani siku. Hakuandika "siku" peke yake, na hapo ndipo ilipo hekima yake. Kama mzunguko ungekuwa saa 24 kamili daima, tusingeweza kuitenganisha saa ya ndani na jua la nje. Zile dakika za kuwahi na kuchelewa ndizo ushahidi.

Kwa hiyo siridhiki na "saa ya mwili" tunayoisoma magazetini. Haimfai bakteria, wala haisemi habari ya tofauti hiyo. Napendekeza "mdundo wa takriban siku". Ni mrefu, nakiri, na mshairi atakayeupata mfupi zaidi nitamshukuru, mradi asiliangushe neno "takriban". Bila neno hilo, tutarudi kuwaambia wanafunzi kwamba kifaurongo hulala kwa sababu jua limekuchwa.