Usalama wa Dola na Haki za Raia: Historia Inavyosomeka Kariakoo

Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya kukamatwa kwa watu. Majeshi ya Waingereza yalipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo liligeuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi, na ndimi za wenyeji zikalitamka jina la Kiingereza la kikosi hicho kwa namna yao. Wengi wa wapagazi wale hawakujiandikisha kwa hiari. Walizolewa vijijini wakabebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu, na makumi ya maelfu yao katika Afrika Mashariki hawakurudi makwao. Makada na wanafunzi wanaopita sokoni kila siku hawana budi kulijua hilo, kwa kuwa suala tunalolijadili hapa, yaani mamlaka ya dola kumshika mtu kwanza na kutafuta ushahidi baadaye, lina mizizi mirefu kuliko neno ugaidi.

Mwaka 1921 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Kuhamisha Watu. Kwa sheria hiyo Gavana aliweza kumwondoa mtu sehemu moja ya nchi na kumpeleka nyingine, bila kesi, akiridhika tu kwamba mtu huyo ni hatari kwa amani. Aliyepaswa kuridhika ni Gavana peke yake. Katika miaka ya arobaini na hamsini misako ilikuwa jambo la kawaida katika mitaa ya Waafrika, na waliokosa kazi walipewa jina la wahuni na kurudishwa kwao kwa nguvu. Na TANU, iliyozaliwa mwaka 1954 katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, haikusalimika: mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Kwa mkoloni, kudai uhuru na kuhatarisha usalama kulikuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo ukinzani unapoanzia. Mwaka 1962, Tanganyika huru ilitunga sheria yake ya kuweka watu kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumshtaki, na kutamka kwamba amri hiyo isihojiwe katika mahakama yoyote. Tusiwahukumu waliotunga kwa wepesi. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961, chini ya miaka miwili tu kabla, na mabeberu walikuwa wameonyesha wazi wanavyoweza kuivunja nchi changa ya jirani. Januari 1964 askari wa Colito waliasi, maduka ya jijini yakaporwa, na serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza ili isimame. Hofu ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, waliowekwa kizuizini baada ya maasi hayo walikuwamo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, na hakuna mahakama iliyopata nafasi ya kupambanua nani alishirikiana na waasi na nani alikuwa msumbufu wa kawaida wa mwajiri.

Na ile sheria ya mkoloni ya 1921? Haikufutwa. Ilikaa kabatini ikitumika hapa na pale mpaka mwaka 1988, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipotamka kwamba inakiuka Katiba. Gavana alikuwa ameondoka miaka 27 iliyopita. Mamlaka yake yalikuwa bado kazini.

Mwaka 1983 wakazi wa Kariakoo waliyaona mambo haya kwa macho yao. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, bidhaa zilikuwa zimeadimika, na walanguzi walineemeka kwa dhiki ya wananchi. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza mwezi Machi. Wakulima na wafanyakazi waliishangilia, na walikuwa na sababu. Wenye bidhaa walizitupa usiku kwa woga wa kukutwa nazo. Lakini watu walianza kukamatwa kabla sheria haijatungwa. Sheria ilikuja Aprili na kurudi nyuma kuhalalisha yaliyokwisha tendeka. Watuhumiwa walipelekwa mbele ya baraza maalumu, bila dhamana na bila wakili. Mwaka huo huo ikafuata Nguvukazi, na wasio na vitambulisho vya kazi wakazolewa mitaani na kupelekwa mashambani. Bwanyenye aliyekuwa na akiba yake nje ya nchi hakupanda malori hayo. Aliyepanda ni muuza karanga. Mwaka 1984 sheria ya wahujumu ilibadilishwa, mawakili wakaruhusiwa, na mwaka huo huo haki za binadamu zikaingizwa katika Katiba. Tunaona ni sahihi kuyasoma matukio hayo mawili kwa pamoja: wananchi walikuwa wamejifunza kitu, na Chama pia.

Kwa upande wa uwajibikaji, ipo sifa ya kujivunia ambayo siku hizi inatajwa kwa nadra mno. Watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga walipokufa kwa mateso, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977. Hakuwa yeye aliyewapiga.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Watu 11 walikufa na wengine zaidi ya 80 walijeruhiwa. Hakuna Mmarekani hata mmoja miongoni mwa waliokufa. Bomu lile lilitengenezwa katika nyumba ya kupanga huko Ilala, hatua chache kutoka Kariakoo, katika mitaa ambayo mpangaji mpya haulizwi maswali mengi. Kwa hiyo anayesema kwamba ugaidi ni hadithi ya mabeberu tu anawatukana marehemu wetu. Mwaka 2002, katika wimbi lililofuata mashambulizi ya New York na Washington, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi.

Lakini tuangalie kesi zenyewe zilikwendaje. Khalfan Khamis Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar aliyeipanga nyumba ya Ilala, alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akashtakiwa hadharani New York na kufungwa maisha mwaka 2001. Hata hivyo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kuwa serikali yake ilivunja Katiba kwa kumkabidhi bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya majasusi wa Marekani, kisha akapelekwa Guantánamo. Kesi yake iliposikilizwa mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu kwa sababu jina lake lilipatikana katika mahojiano ya shuruti. Katika mashtaka zaidi ya 280 alitiwa hatiani kwa moja tu. Alifungwa maisha kwa hilo moja, lakini waliofiwa hawakupata hukumu ya mauaji ya ndugu zao. Aliyeyafifisha mashtaka hayo ni mtesaji, si mtetezi wa haki.

Hapa nyumbani shauri la wazi limekuwa la muda. Viongozi wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi katika Mahakama ya Kisutu mwaka 2014. Makosa ya namna hiyo hayana dhamana, na Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2020 kwamba zuio la dhamana kwa makosa makubwa halikiuki Katiba. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliwaondolea mashtaka. Miaka ilikuwa imepita na ushahidi haujasikilizwa ukaisha. Mwezi uliofuata sheria ile ile ilimfikia mwenyekiti wa chama cha upinzani, Freeman Mbowe, naye akaondolewa mashtaka Machi 2022. Kama walikuwa na hatia, umma umenyimwa hukumu. Kama hawakuwa nayo, wamefungwa bila hukumu. Kada anayefurahi kwa sababu aliyefungwa si mwenzake aikumbuke marufuku ya 1957.

Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa makubwa yaliachwa nje ya kanuni hiyo.