Majestic ya Vuga: Historia Fupi ya Nyumba ya Sinema

Kila mwaka wageni humiminika Unguja kwa ajili ya Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo watu wamezoea kuliita ZIFF. Tamasha hilo lilianzishwa 1997, na maonyesho yake makubwa hufanyika Ngome Kongwe, kwenye uwanja wa wazi ndani ya kuta zilizojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17. Ni mahali pa kupendeza. Lakini mwendo mfupi kutoka hapo, Vuga, lipo jengo lililojengwa mahsusi kwa kazi hiyo. Milango yake imefungwa na paa lake limeporomoka. Hiyo ndiyo Majestic, na zaidi ya miaka 100 imepita tangu filamu ya kwanza ionyeshwe mahali hapo.

Sinema iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Picha zilianza kuonyeshwa kwenye mahema, kisha likapatikana jengo la mabati ambalo wenyeji hawakuhangaika kulitafutia jina, wakaliita Sinema ya Bati. Mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla aliona kwamba mji uko tayari kwa kitu kikubwa zaidi, na 1921 ukumbi wake wa Royal ukafunguliwa Vuga. Aliyeuchora alikuwa J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza mwenye taaluma ya usanifu, aliyekuja kuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza. Kalamu yake ndiyo iliyochora Mahakama Kuu ya Vuga na Posta ya Shangani, na baadaye Beit el Amani, makumbusho ya Mnazi Mmoja. Mahakama, posta, makumbusho na sinema, vyote kwa mkono mmoja: haikuwa burudani ya uchochoroni hata siku moja.

Filamu za miaka ile zilikuwa bubu. Mambo yalibadilika 1931, India ilipotoa Alam Ara, filamu yake ya kwanza yenye sauti, na pamoja na sauti zikaja nyimbo. Misri nayo ikafuata. 1936 Umm Kulthum alionekana katika Widad, na kwa mji uliokwisha kulewa taarabu hakukuhitajika tangazo kubwa. Mtu wa Malindi au wa Ng'ambo asiyejua neno la Kihindi alitoka ukumbini na wimbo mzima kichwani. Baada ya muda wimbo huohuo ungesikika harusini ukiwa na maneno ya Kiswahili. Anayeandika historia ya taarabu akaziacha nyumba za sinema, anaacha mlango mmoja mkubwa ambao sauti za nje ziliingilia.

Royal ilibadilishwa jina ikawa Majestic, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 jengo la Sinclair likateketea kwa moto. Lililosimamishwa mahali pake lilifunguliwa 1955, na ndilo tunalolijua leo. Msanifu wake, Dayalji Pitamber Sachania, hakujaribu kurudisha matao ya zamani. Alijenga kwa mtindo wa kisasa, wa kuta nyeupe, mistari iliyonyooka, kona za mviringo na jina la jengo likisomeka tangu mbali. Katikati ya mji wa mawe na milango ya nakshi, Majestic ilikuwa tamko kwamba Unguja nayo ni mji wa sasa. Nadhani hili ndilo lililoiponza baadaye. Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, macho ya wengi yalielekea kwenye majumba ya masultani na milango ya Kihindi na Kiarabu. Jengo la 1955 likaonekana kijana mno kuhesabiwa urithi.

Tuingie ndani kidogo. Filamu haikufika ikiwa kitu kimoja. Ilikuja katika makopo ya bati, mikanda mizito ya milimita 35, na kila mkanda mkubwa ulidumu takriban dakika 20. Mother India, iliyotoka 1957, ina urefu wa karibu saa tatu, kwa hiyo ilihitaji mikanda minane au tisa. Chumbani kwa mtambo, nyuma ya balkoni, fundi alisimama kwenye joto la taa ya kaboni akichungulia kidirisha, akingoja alama ndogo itokee kwenye kona ya picha ili awashe mtambo wa pili kabla mkanda wa kwanza haujaisha. Akichelewa, ukumbi mzima ulimpigia miluzi. Na kwa kuwa nakala ilikuwa moja, kumbi mbili ziliweza kuonyesha filamu ileile jioni moja kwa kupishana muda. Mkanda wa kwanza ukimalizika huku, kijana aliutia kopo kwenye baiskeli akakata vichochoro kuupeleka kule. Tairi likipata pancha, mamia ya watu walikaa gizani wakiulizana stelingi kafa au hakufa.

Watu walikuja kutoka kila upande. Mji uligawanyika waziwazi: Mji Mkongwe upande huu, Ng'ambo upande ule, na kati yao mkono wa bahari uliokuja kufukiwa. Ndani ya ukumbi bei ya tiketi iliwagawa tena, wenye nazo juu kwenye balkoni na wengine chini mbele ya pazia. Hata hivyo walicheka pamoja na kulia pamoja, na asubuhi yake mpagazi wa bandarini na karani wa serikali walikuwa na jambo moja la kuzungumza. Sehemu za namna hiyo hazikuwa nyingi Unguja ya ukoloni. Siku za sikukuu ndizo zilizotisha. Watoto walitoka Mnazi Mmoja na senti zao za idi, walanguzi wakapandisha tiketi mara mbili au tatu, na foleni ikafika barabarani.

Kulikuwa pia na zanana, maonyesho ya wanawake peke yao. Binti ambaye wazazi wasingemruhusu kukaa karibu na mwanamume asiyemhusu alikwenda zanana pamoja na mama, shangazi na majirani, mabuibui yakining'inizwa kwenye migongo ya viti. Mle ndani walikuwa huru kuzungumza na pazia, kumtukana mama mkwe wa kwenye filamu na kuimba bila ya haya. Mwenye kudhani sinema iliwapita wanawake wa Visiwani hajawauliza bibi zake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba za sinema zikawa mali ya Serikali. Ukumbi mwingine wa mjini, Sultana, ukaitwa Cine Afrique. Majestic ikabaki na jina lake. Watazamaji hawakupungua mara moja. Televisheni Zanzibar ilianza 1973 ikiwa na rangi, miaka zaidi ya 20 kabla Bara haijapata televisheni yake, na bado watu waliendelea kwenda sinema. Kilichovunja mgongo wa kumbi ni video ya miaka ya 1980 na kanda za kunakiliwa, zikikutana na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia filamu na vipuri. Viti vilivyovunjika havikutengenezwa, mvua ikapenya, mtambo ukanyamaza. Kumbi nyingine za Unguja, Empire na Cine Afrique, nazo hazionyeshi tena filamu. Bara hadithi haikuwa tofauti: pale Dar es Salaam palipokuwa na sinema ya magari, leo pana ubalozi wa Marekani.

Siku ya Krismasi ya 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe la 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Jumba lile lilikuwa maarufu kuliko yote, na bado halikuokolewa kwa wakati. Majestic haina umaarufu huo wa kuilinda. Taasisi ya Hifadhi Zanzibar imeibeba kwa bidii, ikitaka jengo lirejee kuwa nyumba ya filamu na sanaa, na inastahili kuungwa mkono kwa vitendo. Paa ndilo la kwanza, kwa sababu kila masika yanayopita bila paa yanakula kuta. Kisha kuna la matumizi, na hapa sioni pa kulegeza. Mji Mkongwe una hoteli za kutosha na maduka ya vinyago ya kutosha. Majestic ikifufuliwa ikawa hoteli yenye picha za waigizaji ukutani, tutakuwa tumehifadhi rangi ya kuta tu. Irudi kuwa sinema, yenye mtambo wa kisasa, filamu za vijana wa hapa, za Bara na za Mombasa pamoja na za Kihindi ambazo mji haujaziacha kamwe, zanana ikiwemo kwa wanaoitaka. Na bei ya tiketi ipangwe kwa mfuko wa mkaazi wa Kikwajuni na Ng'ambo, si wa mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana.