Nyumbu Walipofika Mahakamani Arusha

Kwenye barabara ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Chamazi, kuku hufungwa miguu kwa kamba na kuning'inizwa vichwa chini nyuma ya bodaboda, midomo wazi, vumbi likiwaingia machoni. Watu huwaona, huhuzunika, kisha huendelea na safari zao. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19, inayofanya ukatili dhidi ya mnyama kuwa kosa. Anayekosekana ni mlalamikaji. Kuku hawezi kwenda kituoni kuandikisha maelezo.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1822 mbunge Richard Martin alifanikiwa kupitisha sheria ya Uingereza dhidi ya kuwatesa ng'ombe, farasi na kondoo, lakini bila wa kushtaki ingebaki makaratasi. Ndiyo maana mwaka 1824 wananchi waliunda chama London, kikatuma wakaguzi sokoni Smithfield ili watesaji wafikishwe mahakamani.

Kwetu Afrika Mashariki, shauri kubwa la kuwasemea wanyama lilihusu nyumbu. Serikali ya Tanzania ilikusudia kujenga barabara kuu kupita kaskazini mwa Serengeti, takriban kilomita 53 zikiwa ndani ya hifadhi, mahali ambapo nyumbu zaidi ya milioni moja hupita wakienda Maasai Mara na kurudi. Mwishoni mwa 2010 ANAW, shirika la ustawi wa wanyama lenye makao Nairobi, likafungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. ANAW ni watu waliozoea kutembea porini wakifungua mitego ya waya, ile inayokaza shingo ya mnyama kadiri anavyojitutumua.

Serikali iliweka pingamizi kwamba mahakama haina mamlaka. Uamuzi juu ya pingamizi hilo ndio unaonigusa kuliko hukumu ya mwisho. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri, bila kudai kwanza kwamba mali yake imeharibiwa. ANAW hawakuwa na shamba wala zizi Serengeti. Machi 2012, Kitengo cha Rufaa cha mahakama hiyo kiliruhusu shauri lisikilizwe.

Wakati huo Serikali ilikuwa imeshaieleza UNESCO, mwaka 2011, kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe. Hata hivyo, ANAW hawakuridhika na ahadi. Walileta ushahidi wa kitaalamu wa uhifadhi kueleza madhara ya barabara kwa mzunguko wa wanyama. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikaizuia Serikali kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi hiyo. Mwaka 2015 zuio la lami likasimama katika rufaa. Barabara ya changarawe haikukatazwa, na ni haki kulisema hilo, maana wapo wanaosimulia ushindi huu kana kwamba ulifunga kila njia.

Mkazi wa Chamazi anayewaona kuku wale hahitaji kusafiri hadi Arusha. Sheria ya 2008 ina wakaguzi wake, na afisa mifugo wa kata na kituo cha polisi viko karibu. Aende na picha, namba ya pikipiki, saa na mahali, pamoja na jirani aliyeona.