Baiskeli ya Babu, Peugeot ya Mjomba: Namna Watu wa Jinja Walivyochagua Chombo cha Usafiri

Mwaka juzi nyumbani kwetu Nalufenya kulizuka ubishi uliodumu karibu miezi miwili. Mama alikuwa ameuza kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake kule Busia, na fedha zilikuwa mkononi. Kaka yangu alitaka pikipiki, Bajaj Boxer, afanye kazi ya bodaboda. Mama alitaka gari dogo lililotumika kutoka Japani, Toyota Premio, limbebee mitumba siku za soko na siku nyingine likodishwe. Kwa bei ya Premio moja tungepata pikipiki tatu, pengine nne. Mama alisema, "Pikipiki itanirudishia mtoto juu ya machela." Kaka akajibu, "Na gari litakaa uani mpaka kuku watagie ndani." Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma historia chuoni, wote wawili walinigeukia kana kwamba jibu liko kwenye daftari langu.

Halikuwemo. Lakini nilipoanza kuwauliza wazee na kusoma kuhusu mji wetu, niliona kwamba ubishi ule ulikuwa umeshafanyika mara kadhaa hapa Jinja, tena katika ukoo wetu wenyewe. Katika insha hii ninadai kwamba watu wa mashariki ya Uganda hawakuchagua chombo kwa sababu ya mwendo wake wala sifa zake. Walitazama kwanza nani ataweza kukitengeneza kitakapoharibika, na spea zitatoka wapi.

Nianze na pamba. Zao hili lilianza kulimwa kwa biashara nchini Uganda mwaka 1903, na muda si mrefu Busoga ikawa miongoni mwa sehemu zilizolima sana. Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilijengwa kufikia 1912 ili kubeba pamba ya upande wa Ziwa Kyoga. Reli ilipita mahali pamoja tu, na mkulima alibaki na safari yake ya kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kuchambulia. Ndiyo maana fedha ya pamba ilipopatikana, baada ya kodi na mahari, ilinunua baiskeli. Muuzaji kwa kawaida alikuwa Mhindi mwenye duka, na mwenye duka huyo huyo aliuza tyubu, spoki, mnyororo na solusheni ya kuzibia pancha. Mtu alinunua chombo na matibabu yake mlango mmoja. Jambo hili dogo ndilo litakalotufaa huko mbele.

Babu, baba yake mama, alikuja Jinja akiwa kijana mwaka 1956, miaka miwili baada ya Malkia Elizabeth kufungua bwawa la Owen Falls. Umeme wa bwawa ulivuta viwanda, na kimojawapo kilikuwa cha nguo, Nytil, ng'ambo ya mto upande wa Njeru. Babu aliajiriwa huko. Alikaa Walukuba, katika nyumba za wafanyakazi, na kila siku alivuka Nile juu ya bwawa akiwa kwenye Raleigh yake nyeusi. Mama anasema kengele za baiskeli zamu ikitoka zilisikika kabla ya watu kuonekana. Sijui kama ni kweli au ni utamu wa kumbukumbu. Babu hakuwahi kufikiria gari. Gari lilikuwa la mameneja, na kwa mshahara wake hakukuwa na la kuchagua.

Mjomba alichagua, na hapo ndipo historia inapouma. Tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na wanajeshi katika kambi ya Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, wakapewa siku 90. Jinja uliokuwa mji wa Waasia kwa kiasi kikubwa ulibadilika katika msimu mmoja. Hadi leo ukitembea barabara kuu utaona majina yao na miaka ya ujenzi juu ya vipaa vya maduka. Mali ziligawiwa, na waliozipata wakaitwa mafuta mingi. Mjomba hakuwa mmoja wao, ila alimfahamu mmoja, na kwake akanunua Peugeot 404 kwa bei ambayo babu aliiita bei ya mbuzi. Alitaka kubeba abiria kati ya Jinja, Iganga na Mbale. Peugeot zilikuwa magari ya kazi, zilibeba watu na mizigo bila kulalamika, nani angemlaumu?

Alifanya kazi miezi kumi na moja. Kisha pampu ya mafuta ikafa. Mwenye duka la spea alikuwa ameshaondoka, na aliyepewa duka hakujua lipi ni la gari gani. Alikuwa ameuza vilivyokuwa rafuni na hakuwa na njia ya kuagiza vingine. Petroli nayo ikaanza kuwa ya foleni, kisha ya kujuana. Peugeot ilisukumwa uani, ikakaa. (Kaka hakubuni habari ya kuku. Alikuwa akimkumbusha mama gari ambalo mama mwenyewe alilichezea utotoni.)

Baiskeli ya babu haikusimama. Fundi mmoja mzee ambaye bado anafanya kazi chini ya mti kando ya barabara ya Nalufenya aliniambia kwamba miaka ile walishona tairi kwa waya na kukata pedeli kutoka kwenye mbao za masanduku. Baiskeli ilivumilia umaskini wa nchi. Ilifanya pia kazi nyingine isiyosemwa kwa sauti: kahawa ya Bugisu ilivushwa kwenda Kenya kwa magendo, hasa kupitia Chepkube, na nyingi ilisafiri usiku ikiwa imefungwa kwenye keria.

Wasomaji wengi wanajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960, Busia na Malaba, kulikuwa na kipande cha barabara kati ya vituo viwili vya forodha ambacho msafiri alipaswa kukivuka na mizigo yake. Vijana wenye baiskeli waliwavusha, kutoka "boda" mpaka "boda", wakiita wateja kwa maneno hayo. Huko ni kwa babu hasa, na ndugu zake wawili walifanya kazi hiyo. Ninachotaka kusisitiza ni kwamba pale mpakani baiskeli iligeuka kuwa ajira. Mtu aliye na keria yenye mto wa sponji alikuwa na kazi hata kama serikali haikuwa na kazi ya kumpa. Biashara hiyo ikaenea Tororo, Mbale, Iganga, Jinja. Wakati huo huo barabara kuu zilichukuliwa na basi ndogo za Toyota HiAce, ambazo watu waliziita kamunye, yaani mwewe.

Injini ilipandishwa kwenye bodaboda katika miaka ya 1990, biashara ya nje ilipolegezwa. Baadaye zikaja pikipiki mpya kutoka India, na Boxer ikashinda. Kwa nini hiyo? Kijana wa steji atakuambia inakunywa mafuta kidogo na kiti chake ni kirefu. Ni kweli. Ila mpe muda, atakuonyesha kwa kidole: plagi inauzwa kwenye kile kibanda, kebo ya klachi kwenye kile, na fundi yule pale anafungua injini juu ya gunia. Mlango mmoja tena, kama enzi ya pamba. Huko Mbale nimeona Boxer zikipanda kuelekea Budadiri zimebeba saruji na kushuka na ndizi, njia ambazo baiskeli ilizishuka vizuri na kupanda ikisukumwa.

Inafaa kutazama zilikotoka. Kampuni ya Bajaj ilianza 1945, ikauza skuta kutoka nje kabla ya kuziunda yenyewe Pune. Kwa miongo kadhaa viwanda vya India vilibanwa na leseni za serikali, na familia zilisubiri skuta ya Chetak kwa miaka. Baba akiendesha, mtoto mbele yake, mama nyuma na mtoto mwingine mapajani: picha hiyo ndiyo iliyomfanya Ratan Tata aunde Nano, gari lililozinduliwa 2008 kwa ahadi ya bei ya rupia laki moja. Gari lilikuwa na paa na milango minne, yote ambayo mama yangu angeyataka. Wanunuzi hawakuja kama ilivyotarajiwa, na baada ya miaka kumi uundaji wake ulikuwa umefikia ukingoni. Wahindi waliendelea kununua pikipiki. Nilipomsomea mama habari hii alisema Wahindi hao hawajalala wodini na mtoto aliyevunjika paja. Sikuwa na la kujibu. Katika historia nzima niliyoisimulia, gharama hii haikuwahi kuandikwa kwenye bei.

Kaka naye alikuwa na hoja za mwaka wake. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, na yaliyo chini kidogo ya hapo yanatozwa ushuru mzito, hivyo Premio ya bei nafuu si nafuu tena. Mama alimkumbusha Machi 2020, wakati wa korona, bodaboda zilipokatazwa abiria zikaachiwa mizigo tu. Kaka akamkumbusha kwamba siku chache baadaye magari binafsi yalizuiwa kabisa, na kwamba chombo pekee kilichotoka kwetu asubuhi bila kuulizwa kilikuwa Raleigh ya babu, waliyoishusha ukutani na kuitia tyubu mpya.

Walinunua Boxer moja, kwa fedha taslimu. Mama alikataa mkopo wa kulipa kila wiki, maana jirani yetu alinyang'anywa pikipiki na mkopeshaji zikiwa zimebaki wiki tano. Fedha iliyobaki ipo benki na hataki kuizungumzia. Siku za soko hukaa nyuma ya kaka, kiupande, na furushi la mitumba mapajani, akimwambia apunguze mwendo kabla hata hawajafika barabarani. Pikipiki ilikuja na kofia ngumu moja ya dereva. Ya pili alienda kuinunua mwenyewe.