Chuo cha Riyadha na Maulidi ya Lamu

Miongoni mwa visiwa vya upwa wa Afrika Mashariki vilivyopata sifa kwa elimu ya dini, Lamu ina adhimisho ambalo, ingawa kwa jina na kwa nia ni la kuzaliwa kwa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, kwa mwenendo wake limekuwa pia siku za kumtukuza mwalimu mmoja. Na afikaye kisiwani katika juma la mwisho la Mfungo Sita hukuta mji mzima, msomi na asiye msomi, umetoka nje kwa heshima hiyo.

Mwalimu huyo ni Sayyid Saleh bin Alwi Jamalilail, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuja Lamu katika karne ya 19 angali kijana, kwa ami yake Sharifu Ali bin Abdallah, mtu wa elimu na tiba. Watu walimwita Habib Swaleh, na jina hilo likamganda. Mji alioukuta ulikuwa mji wa daraja: waungwana wa majumba ya mawe ya Mkomani waliifungia elimu ndani kama walivyofunga milango yao ya nakshi, na mtumwa alijuzwa kiasi cha kumfaa bwana wake, basi. Yeye alikaa upande wa Langoni, kwenye michanga na vibanda vya makuti, akawasomesha wageni, mahuru na watumwa Kurani na elimu ya dini, ilhali sheria ya kuufuta utumwa katika pwani ya Kenya haikutoka mpaka mwaka 1907. Msikiti wa Riyadha, uliosimama katika mwongo wa mwisho wa karne ya 19, ulizaliwa na darasa hilo. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba hapa chuo ndicho kilichojenga msikiti.

Kabla yake maulidi yaliyosomwa Lamu yalikuwa Barzanji, kwa utulivu na haiba ya wakubwa. Habib Swaleh aliingiza maulidi ya al-Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, mwenye msikiti wa Riyadh wa huko, yakasomwa kwa matari ndani ya msikiti. Ghasia ikazuka. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya uhalali wa ngoma katika nyumba ya Mwenyezi Mungu, na maulamaa walikuwa na haki ya kuijadili; lakini mimi naona kilichowaudhi zaidi baadhi ya wakubwa si twari, bali mkono ulioshika twari.

Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, akawaachia chuo watoto na wajukuu wake, na kaburi lake likawa mahali pa ziara. Usiku wa maulidi vijana waliovaa kanzu nyeupe hujipanga safu mbili zikielekeana, huyumba mabega kwa pamoja, huinua matari na kuyashusha kwa mpigo mmoja, huku chetezo cha ubani kikipita na marashi yakinyunyizwa vichwani. Siku ya mwisho watu huzuru kaburi, kisha zefe huingia mjini kwa kasida na bendera.

Mchana kuna mambo mengine: mashindano ya majahazi, kuogelea, bao, kirumbizi cha fimbo karibu na ngome iliyokamilika mnamo 1821, na mbio za punda zipitazo ukingoni mwa bahari. Wapo wanaonung'unika kwamba punda huvuta watazamaji wengi kuliko darasa. (Punda wa Lamu, kwa kweli, hana adabu ya mashindano, husimama apendapo, na mpanda punda akaenda chini mbele ya watu wote.) Siungani nao, maana Habib Swaleh mwenyewe aliwaita watu kwa lile walilolipenda, ndipo akawafundisha.

Wanafunzi wa Riyadha walitawanyika pwani nzima, wakafungua madrasa zao, na wengi hurejea msimu huu wakifuatana na wanafunzi wao wenyewe, kutoka Mombasa, Tanzania na Ngazija. Hata juma hilo kupata kitanda Lamu ni kazi, na wenyeji hutandika mikeka barazani.