Hafniamu: Jina, Kirejelewa na Mpangilio wa Elektroni
Makala haya yanadai kuwa mgogoro wa kuipa jina elementi ya 72 uliamuliwa na mpangilio wa elektroni. Mwaka 1911, Georges Urbain wa Ufaransa alitangaza elementi mpya miongoni mwa elementi adimu za ardhi, akaiita seltiamu. Baadaye akaidaia nafasi ya 72. Niels Bohr alipinga. Kwa hoja yake ya mwaka 1922, tabaka la nne la atomu hukamilisha elektroni 32 katika elementi ya 71, na hapo safu ya elementi za mpito wa ndani hukoma. Kwa hiyo, elementi ya 72 ilipaswa kuwa elementi ya mpito, jamaa ya zirkoniamu. Mjini Copenhagen, Dirk Coster na George de Hevesy waliitafuta kwa eksirei katika madini ya zirkoniamu, wakaipata. Waliiita hafniamu, kutokana na Hafnia, jina la Kilatini la mji huo. Seltiamu ilibainika baadaye kuwa lutetiamu, elementi ya 71, ambayo Urbain mwenyewe alikwisha kuitambulisha mwaka 1907. Kiisimu, basi, alikuwa amekipa kirejelewa kimoja majina mawili.